Flatford, Uingereza: Mahali pa Kumwelewa John Constable

Kwa mpenzi wa uchoraji wa mandhari, Flatford, katika eneo la Suffolk mashariki mwa Uingereza, panastahili safari ya siku nzima, kwani ni nadra kupata mahali ambapo mtu anaweza kusimama pale aliposimama mchoraji na kulinganisha kwa macho yake mto wenyewe na ule uliomo katika picha.

Baba yake John Constable, mchoraji mashuhuri wa mandhari wa Uingereza, alimiliki hapa kinu cha kusagia nafaka kando ya Mto Stour. Mwaka 1821, akimwandikia rafiki yake John Fisher, Constable alieleza jinsi anavyopenda sauti ya maji yanayoponyoka kwenye mabwawa ya vinu, mierebi, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi na kuta za matofali, akakiri kwamba kingo za mto huo ndizo zilizomfanya awe mchoraji. Nilipofika Flatford ndipo nilipoona uzito wa maneno hayo: hakuna mlima wala maporomoko ya kushangaza, na ukuu wote wa kazi yake umetokana na kuvitazama kwa subira vitu ambavyo wengine huvipita.

Nyumba ya Willy Lott, mkulima wa hapa, ile inayoonekana kushoto katika The Hay Wain, picha maarufu ya Constable ya mkokoteni mtoni, bado imesimama. Picha hiyo Constable aliikamilisha mwaka 1821 katika karakana yake London, kwa kutumia michoro aliyoifanya kwenye mandhari yenyewe, kwa hiyo tunachokiona ni mto uliopita kwanza katika fikra zake. Katika mihadhara yake ya mwaka 1836 alisisitiza kwamba uchoraji ni sayansi, uchunguzi wa kanuni za maumbile, na aliuishi msimamo huo: alipochora mawingu huko Hampstead, London, aliandika nyuma ya michoro tarehe, saa na mwelekeo wa upepo. Kwake anga ndiyo iliyobeba hisia za picha nzima.

Eneo hili linatunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi maeneo ya kihistoria na ya asili. Kutembea kwenye njia za miguu hakulipiwi, ila maegesho ya magari yanalipiwa. Kinu na nyumba ya Lott hutumika kwa mafunzo, hivyo mgeni wa kawaida huvitazama kwa nje, na kwangu hilo halipunguzi chochote, kwa sababu Constable naye alichora kuta za nje na maji yanayozizunguka. Mkahawa upo.

Kutoka kituo cha Liverpool Street, London, treni hufika Manningtree kwa muda wa takribani saa moja, kisha hufuata matembezi kando ya mto, ambayo wakati wa mvua huhitaji viatu imara. Nashauri kuitazama kwanza The Hay Wain katika National Gallery, jumba la sanaa la London, ambako kiingilio ni bure, na kuchagua siku yenye mawingu yanayotembea badala ya siku ya anga tupu.