Makumbusho ya Nintendo mjini Uji: sarafu kumi ndani ya kiwanda cha karata

Mtu anayetaka kuzuru mahali alipozaliwa Mario, yule fundi bomba wa gemu za kampuni ya Nintendo, hukumbana kwanza na jambo la kuvunja moyo, nalo ni kwamba mlango wenyewe umefungwa. Mchezo wa Super Mario Bros., uliotoka tarehe 13 Septemba 1985, ulibuniwa Kyoto, Japani, na Shigeru Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao, enzi ambazo makao makuu ya Nintendo yalikuwa wilaya ya Higashiyama, kabla hayajahamishiwa kwenye jengo jeupe la wilaya ya Minami mwaka 2000. Huko kote ni ofisi za kazi, na mgeni huishia nje ya lango. Kwa hiyo, tangu tarehe 2 Oktoba 2024, mwenye kutaka kufanya ziara, kwa maana ile ya kale ya neno hilo, hana budi kwenda kusini kidogo, hadi mji wa Uji, ambako kiwanda cha zamani cha kampuni hiyo kimegeuzwa kuwa Makumbusho ya Nintendo. Nilikwenda huko na mdogo wangu, na haya ni maoni yangu kuhusu kile anachokipata mtu mzima kwa yen 3,300 anazolipa.

Nianze na tiketi, maana hapo ndipo safari nyingi zitakapokwama. Tiketi haziuzwi mlangoni. Maombi hutumwa kwa intaneti miezi kama mitatu kabla, washindi hupatikana kwa bahati nasibu, na aliyeshinda huingia siku na saa aliyopangiwa akiwa na kitambulisho chenye jina lilelile aliloliandikisha. Kwa sisi tunaolazimika kuomba viza ya Japani utaratibu huu ni mzito, kwa sababu mtu hujikuta akipanga nauli, viza na bahati nasibu kwa wakati mmoja bila kujua kipi kitatangulia. Ushauri wangu ni kwamba asiwepo mtu wa kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya makumbusho haya peke yake. Kyoto ina mengi ya kuonwa, na atakayekosa bahati hatakuwa amepoteza safari. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa yen 1,100, wa miaka 12 hadi 17 yen 2,200, na siku ya Jumanne kwa kawaida hapafunguliwi.

Kufika ni rahisi. Treni ya Kintetsu kutoka stesheni ya Kyoto humshusha abiria Ogura, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika tano kwa miguu, katikati ya nyumba za watu, hadi kwenye jengo ambalo kwa nje halijaficha kwamba lilikuwa kiwanda. Lilijengwa mwaka 1969 kwa ajili ya kutengeneza karata, na baadaye likawa mahali pa kukarabatia mashine za wateja hadi mwaka 2016. Napenda kwamba hawakulibomoa.

Karata ndizo zilizonifanya niuone ukumbi wa juu kwa jicho tofauti na nilivyotarajia. Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, fundi wa hanafuda, yaani karata za maua, zilizo 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka: msonobari kwa Januari, maua ya mcheri kwa Machi, mwezi mpevu juu ya nyasi kwa Agosti. Karata za kwanza zililetwa Japani na Wareno katika karne ya 16, na Wajapani wakaziita karuta, kama sisi wa pwani tulivyolitwaa neno lilelile la Kireno tukasema karata, pamoja na shupaza, kopa, uru na pau ambazo wazee wetu bado huzitaja barazani. Kule Japani serikali zilipiga marufuku karata za kamari mara kwa mara, na watengenezaji wakawa wanabuni picha mpya kila za zamani zilipokatazwa, hadi wakafikia hizi za maua zisizo na namba. Nilisimama mbele ya kabati la karata hizo muda mrefu kuliko mbele ya mashine yoyote, nikifikiria kwamba Wareno walewale waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa wana mkono wao, kwa mbali sana, katika kuzaliwa kwa Mario.

Baada ya karata hufuata vitu vya kuchezea, kikiwamo kile kimkono cha kurefuka, Ultra Hand, cha mwaka 1966, ambacho Gunpei Yokoi alikibuni kwa kujipitishia muda alipokuwa akihudumia mitambo ya kiwandani, bosi wake akakiona na kuamuru kiuzwe. Halafu huja mashine za michezo, kila moja na duara lake: Famicom ya mwaka 1983, Game Boy ya mwaka 1989, na nyinginezo hadi za leo, zikiwa na maboksi ya Japani, ya Marekani na ya Ulaya yamepangwa sambamba, pamoja na sampuli za majaribio ambazo hazikupata kuuzwa. Mpangilio ni mzuri mno. Hata hivyo, maelezo ya maandishi ni machache kupita kiasi, na hapa sikubaliani na waandaaji. Vitu vimeachwa vijieleze vyenyewe, na kwa aliyekua navyo hilo linatosha, lakini mtoto wa leo ataambiwa na nani kwamba masharubu na kofia ya Mario vilitokana na uchache wa nukta za kuchorea mdomo na nywele? Ataambiwa na nani kwamba mawingu na vichaka vya Super Mario Bros. ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, kwa sababu mchezo mzima ulipaswa kuenea katika kilobaiti 40? Ukarimu wa macho ni mkubwa, ukarimu wa habari ni mdogo. Kupiga picha katika ukumbi huu pia hakuruhusiwi, na sharti hilo, kinyume na nilivyodhani, nililishukuru, kwa kuwa watu wote walikuwa wakitazama.

Ukumbi wa chini ndio wa kuchezea, nao una kanuni moja ngumu: kila mgeni huingia na sarafu kumi ndani ya kadi yake, na zikiisha zimeisha, hazinunuliwi nyingine. Kulenga maadui kwenye skrini pana kwa bunduki za kuchezea, pamoja na wageni wengine, hugharimu sarafu nne. Kucheza gemu za zamani hugharimu moja. Kuna watakaoliona hili kuwa ubahili kwa mtu aliyesafiri nusu ya dunia, na siwalaumu. Mimi lakini nilikulia Tanga, na gemu nilizijua kwenye kibanda chenye televisheni mbili na mashine ya kuiga Famicom, iliyolishwa kaseti za njano, isiyo na neno Nintendo popote. Tulilipa kwa dakika. Mwenye kibanda alisimama nyuma yetu na saa yake, na Mario wetu alikufa kwenye shimo lilelile kila siku kwa sababu sarafu ziliisha kabla hatujajifunza kuliruka. Nilipoona idadi ya sarafu ikipungua kwenye skrini pale Uji, vidole vyangu viliikumbuka hofu ile mara moja, na nikacheza kwa makini ambayo mashine ya nyumbani hainidai.

Kati ya yote, sarafu nilizozitumia vizuri zaidi ni zile za pedi kubwa, yaani nakala ya kile kifaa cha mkononi cha kuendeshea gemu iliyokuzwa hata mtu mmoja haimudu, mmoja akisukuma upande wa kuelekezea na mwingine akibonyeza vitufe kwa viganja. Nilimwachia mdogo wangu vitufe. Alichelewa kuruka, nikamkaripia kama nilivyomkaripia miaka thelathini iliyopita, naye akanijibu kwa jibu lilelile, na Wajapani waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka bila kuhitaji mkalimani. Jambo hili ni la kuzingatia kwa anayepanga kwenda peke yake, kwani sehemu kadhaa za ukumbi huu zimebuniwa kwa watu wawili.

Mkahawa wa baga sitausemea mengi, kwani ni chakula cha kawaida ambacho mtu hujichagulia vya kuwekwa ndani ya mkate, na duka lina bidhaa za kuvutia ambazo pochi itazijutia, hasa ile mito ya kulalia yenye umbo la pedi.

Kitu ambacho ningemshauri mgeni asikikose, na ambacho wengi hukipita wakikimbilia skrini, ni karakana ya karata, ambako kwa yen 2,000 zaidi mtu hufundishwa kutengeneza hanafuda kwa mkono, akipaka rangi juu ya karatasi yenye matundu ya mchoro, rangi moja baada ya nyingine. Nafasi ni chache, kwa hiyo ni vyema kuulizia mapema baada ya kuingia, kabla hata ya kupanda juu. Rangi yangu nyekundu ilivuka mstari na mwezi wa Agosti ukatoka na pembe. Mwalimu aliutazama, akasema jambo ambalo sikulielewa, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ulikuwa mzima. Karata hiyo sasa iko juu ya televisheni nyumbani Tanga, na mama yangu, ambaye hajapata kucheza gemu maishani mwake, aliigeuza mara mbili kisha akauliza kama hiyo ni kopa au uru.