Siku 22 kwenye banda la video Makorora: msizime majina yakianza

Nimelipa elfu kumi taslimu: siku 22, muvi 22 za mashujaa wa Marvel kwa mpangilio wa kutoka kwake, kuanzia Iron Man ya 2008 mpaka Avengers: Endgame ya 2019. Banda liko Makorora hapa Tanga, jina naliacha. Kwa siku ni jero, kwa hiyo nimeokoa buku. Picha safi, spika nzito, feni moja tu na iko upande wa mwenye banda.

Nyingi nilishaziona, ila kiholela, leo ya tatu kesho ya kwanza, mtafsiri akiongea juu kwa juu. Ukizifuata kwa foleni ndipo unaona jamaa walivyokuwa wanafukia vitu. Ile ya 2008, Tony Stark, ndiye Iron Man mwenyewe, anahangaika kuvuliwa vyuma karakanani, na nyuma yake imelala ngao ya Captain America ambayo haijakamilika. Muvi ya Captain mwenyewe ilikuja 2011! Au ile baga. Tony anaporudi kutoka kutekwa, anataka baga ya jibini. Miaka 11 baadaye, siku ya msiba wake, binti yake anaulizwa na Happy, mlinzi wa Tony, anataka kula nini, naye anataja hiyohiyo. Na huyo Happy ni Jon Favreau, ndiye aliyeiongoza ile ya 2008. Nilipomnong'oneza jirani akaniuliza, "Umekuja kutazama au kusahihisha mtihani?"

Sasa shida yangu. Majina ya waliotengeneza muvi yakianza tu kupanda mwishoni, kijana wa rimoti anazima. Siku ya kwanza kabisa alizima, na baada ya majina ndipo Nick Fury, bosi wa majasusi, anapokuja kumwambia Tony habari za Avengers, kile kikosi cha mashujaa. Yaani mlango wa hizo 21 zilizobaki uko pale. Nikamwambia kuna kipande. Akasema, "Mwanangu, muvi imeisha. Hayo majina una ndugu yako humo?"

Kesho yake nikamwamkia mzee mwenye banda, nikamweleza taratibu. Akakubali, sharti nibaki kupanga mabenchi. Basi nikawa mpanga mabenchi. Avengers ya 2012 tulibaki sita, tukawaona mashujaa wamekaa kimya wanakula shawarma, hakuna anayesema neno. Guardians of the Galaxy ya pili ina vipande vitano vya namna hiyo, na hiyo siku mabenchi niliyapanga nikiwa nimegeuza shingo. Watoto wa mbele wao walikuwa na mchezo wao, kushindana nani amwone kwanza Stan Lee, yule babu mwenye miwani anayepita kila muvi. "Babu huyoo!"

Usiku wa mwisho banda lilifurika mpaka nje. Mnajua sheria ya bandani: stelingi hafi. Tony alipokufa zilipigwa kelele, baba mmoja akadai arudishiwe jero yake. Wakatoka wananung'unika. Mimi nikakaa. Endgame haina kipande baada ya majina, ina sauti tu: nyundo inagonga chuma, kama pale pangoni kwenye ile ya 2008, Tony alipokuwa anafua lile vazi la chuma la kwanza. Ngo, ngo, ngo.

Kijana wa rimoti akachukua tochi, akatoka nje kuangalia nani anagonga mabati.