MacBook Air ya M1 kwa kazi za video na programu Kigoma

Kwa anayehariri video au kuandika programu hapa Kigoma, sababu ya kwanza ya kuhama kutoka prosesa ya Intel kwenda M1, prosesa ya Apple yenyewe, ni umeme, kasi inafuata. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ina betri ya wati-saa 49.9 na chaja ya wati 30, hivyo hata sola ndogo yenye inveta inaimudu. Haina feni, basi vumbi la mitaa ya Mwanga halivutwi ndani. Ila joto nalo halitoki haraka: ukitoa video ndefu mchana, prosesa hujipunguzia kasi. Iweke mezani, si kitandani.

Usumbufu uko kwenye programu za zamani. Zile za Intel hutafsiriwa na Rosetta 2, kitafsiri cha Apple kinachoziwezesha kufanya kazi kwenye M1, na hula memori zaidi. Usihamishe kila kitu kutoka mashine ya awali: Homebrew (kisakinishi cha zana za waandishi wa programu) ya Intel hukaa kwenye folda /usr/local, ya M1 hukaa /opt/homebrew, na zikichanganyika utashinda unasaka maktaba za msimbo zisizolingana. Sakinisha upya. Ukijenga kwa Docker, zana ya kufunga programu na mahitaji yake katika kifurushi kiitwacho kontena, kwa ajili ya seva ya Intel, taja linux/amd64 (aina ya prosesa ya seva hiyo), la sivyo kontena haitawaka kule.

Memori haiongezwi, hata kwa fundi hodari wa Ujiji. GB 8 zinatosha kuandika programu ndogo na kuhariri picha. Video za 4K chukua 16. Ukinunua ya mtumba, hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye awali imeondolewa kabla hujalipa.