Kichupa cha lipidi kilichonila wiki sita

Nimesubiri nipoe kwanza. Ningeandika siku zile, yangetoka matusi matupu.

Niliagiza SM-102, lipidi (aina ya mafuta) ya kufungia mRNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, ndani ya chembe ndogo mno. Karibu nusu ya molekuli za lipidi kwenye chembe nzima ni hiyo, na kazi ngumu yote ni yake: kwenye damu hutulia bila chaji, seli ikishaimeza ikakutana na asidi hupata chaji chanya, hupasua kifuko ambamo seli imeimezea na kuitoa mRNA nje. Ikiwa mbovu, chembe nzima ni bure.

Sanduku lilifika barafu kavu imekwisha yote. Nikawaandikia wauzaji palepale. Jibu: "Ndugu mteja, haya ni mafuta, si maziwa. Hayachachi." Nikaamini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikachanganya kama kawaida, lipidi kwenye ethanoli, mRNA kwenye bafa ya sitreti ya pH 4 (maji yenye asidi kiasi). Chembe zikatoka za kupendeza, nanomita 80 na ushee, zaidi ya asilimia 90 ya mRNA imo ndani. Kwenye seli, ambazo hung'aa zikiisoma mRNA yangu, mwanga hafifu wa kukatisha tamaa. Nikabadilisha mRNA, nikabadilisha seli, nikapika bafa upya. Yaleyale. Nikaandika tena, na mtu yuleyule akaniambia nichunguze mikono yangu kwanza. Mikono yangu! Miaka yote hii mikono hii inafunga mRNA!

Mwenzangu wa maabara ndiye aliyeitoa mRNA kwenye chembe na kuipitisha kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha molekuli na kuzichora kama vilele. Nyuma ya kilele kikuu kukatokea kilima kingine, kimechelewa: mRNA iliyong'ang'aniwa na lipidi. Watafiti wa Moderna, kampuni ya chanjo za mRNA, walishalieleza hili mwaka 2021. Amini ya lipidi, ile sehemu yake yenye nitrojeni, ikioksidika huwa N-oksidi, N-oksidi ikivunjika huzaa aldehaidi, kemikali zenye kunata, nazo hujishika kwenye besi za mRNA, yaani herufi za ujumbe wake. Ukipima ukubwa wa chembe au kiasi kilichofungwa, huoni kasoro yoyote, ila seli haiwezi kuisoma. Kwa hiyo yanachacha, ndugu yangu, tena yanachachia ndani ya kazi ya mtu. Na cheti chao kilijisifia usafi bila mstari hata mmoja kuhusu N-oksidi.

Siwezi kuapa kwamba ni joto la safarini. Pengine bechi ilitoka hivyo kiwandani.

Haki itendeke lakini: walileta kichupa kingine cha bechi tofauti, kimezungukwa na barafu kavu tele, na seli ziling'aa kuliko nilivyowahi kuona kwa lipidi yoyote. Nilikaa mbele ya mashine nikairudia namba mara tatu. Kwa hiyo nunueni? Nilitaka kusema ndiyo, mradi mdai kipimo cha N-oksidi cha bechi yenu kabla ya kulipa. Ila kichupa hicho kilikuja bila hata neno la pole, na picha ya kile kilima niliyowatumia haijajibiwa. Basi hapana. Mpaka yule aliyeitukana mikono yangu aniombe radhi, jibu langu ni hapana.