TAHADHARI: Fundi wa "nipe hela ya kupima kwanza"

Msimpelekee gari. Yule wa "nipe hela ya kupima kwanza, nikishafungua ndiyo nitajua bei" bado anaendelea, na watu bado wanaingizwa mjini mchana kweupe. Akihama gereji au akibadilisha kibao cha mlangoni haisaidii kitu, mchezo wake ni uleule.

Unavyochezwa ni hivi. Taa ya injini imewaka, gari likiwa limesimama linatetemeka, ukikanyaga linasitasita. Jamaa anakusikiliza kwa utulivu, anatikisa kichwa kwa huruma, anachukua kifaa chake na kukichomeka kwenye lile tundu la pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Muda si mrefu kioo kinaandika P0302. Anakugeuzia kioo uone. Anaweka kidole chenye grisi palepale kwenye namba. "Si unaona mwenyewe? Kompyuta haina undugu na mtu." Na kweli unaona! Namba ipo, hajaitunga, na hapo ndipo moyo unapolegea. Kabla hujauliza maana yake keshaendelea: silinda ya pili imekufa, hapo ni vali au ringi, lazima hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ishuke ndiyo tujue ugonjwa uko wapi. Hela ya kupima umeshatoa. Sasa toa ya kufungua. Unatoa, maana utafanya nini, gari ni bovu na aliyelisoma ni yeye.

Mshenzi mkubwa.

P0302 inasema kitu kimoja tu: silinda namba 2 inamisi, yaani mafuta hayaungui ndani yake inavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi moto, injekta inayonyunyiza mafuta, waya uliolegea kwenye soketi, hewa inayopenya pembeni ya manifoldi, na ndiyo, inaweza kuwa vali au ringi. Lakini huanzi na hedi! Kama kila silinda ina koili yake, unahamisha koili ya namba 2 kwenda namba 3, unafuta namba ya hitilafu, unawasha na kuendesha kidogo. Ikirudi P0303, yaani sasa inamisi namba 3, koili ndiyo mbovu na kazi imeisha. Ikirudi P0302 ileile, unahamisha plagi kwa mtindo huohuo, kisha unageukia injekta. Ni kazi ya spana mbili tatu, na hedi haijaguswa.

Hata ukifika kwenye shaka ya vali na ringi, bado hufungui. Unapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini ipate joto kwanza, plagi zote zitolewe, mafuta na moto vikatwe, pedeli ikanyagwe hadi mwisho, starta izungushe mpaka mshale uache kupanda, silinda moja baada ya nyingine. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 120 na 180, na neno la mwisho ni la kitabu cha gari lenyewe. Silinda yenye kipimo cha chini kabisa isishuke chini ya asilimia 75 ya ile yenye kipimo cha juu kabisa. Ikishuka, unamimina oili kiasi cha kijiko cha chai ndani yake na kupima tena. Kipimo kikipanda, tuhuma inaangukia ringi. Kisipopanda, ni vali au gasketi ya hedi. Majibu yote haya yanapatikana injini ikiwa imefungwa, na yeye anajua. Ndiyo maana mimi simwiti fundi asiyejua kazi. Huyu anajua kazi vizuri sana.

Na kushusha hedi si jambo la kuchungulia halafu ukarudisha. Gasketi ya hedi hairudiwi, ikitoka inanunuliwa mpya. Injini nyingi zina bolti za hedi zinazovutika zikikazwa, nazo zikitolewa zinabadilishwa. Maji ya rejeta yanamwagwa, mara nyingi oili nayo. Uso wa hedi unapimwa kama umepinda, na ukiwa umepinda unapelekwa kusagwa. Mkanda au mnyororo wa taiming unapangwa upya, na kwenye injini ambazo pistoni na vali hufikiana, ukikosea meno machache tu vali zinapinda mara starta inapozungushwa. Yaani gharama ya kufungua "tuone" inaizidi koili moja mbali sana, na bado hujaambiwa ugonjwa.

Halafu ndiyo ile simu. "Bosi, nimekuta na kingine." Gari liko juu ya mawe, bolti ziko kwenye kopo la rangi, hedi imeegemezwa ukutani. Huwezi kulivuta kwenda kwa mwingine bila kulipia breakdauni, na huyo mwingine hataki kurithi injini aliyofungua mtu asiyemjua. Bei inapanda kila wiki. Ukibisha, anakuambia basi lipia na siku za kuegesha. Hapo huna tena mteja na fundi, una mateka na mtekaji.

Msiwacheke waliolipa, tafadhali. Kulipia kupima si ujinga. Kutafuta hitilafu ni kazi halali. Tatizo la waya linalokuja na kuondoka linaweza kumla fundi mzuri nusu siku na mita yake mkononi, na huyo astahili ujira wake hata kama usipotengeneza kwake. Mimi ningemwamini anayetoza wazi kuliko anayetangaza kupima bure, maana ile ya bure itarudishwa humohumo kwenye spea. Sasa mtu anasikia ada ndogo, anaona kifaa, anasikia majina ya spea yakitoka bila kigugumizi, asiamini kwa nini? Wizi wake umejificha ndani ya jambo la kweli.

Pa kutenganisha ni hapa. Kusoma namba kwa kifaa ni dakika chache, na ukilipia hicho pekee umelipia namba. Uchunguzi ni vipimo vinavyothibitisha kitu gani kimekufa. Makadirio ni karatasi ya bei inayotoka kwenye uchunguzi huo. Yeye anatoza cha kwanza kwa bei ya cha pili, na cha tatu hakitoi kabisa.

Anaufanya hata bila kushusha hedi. Ikitokea P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, anakuuzia sensa ya oksijeni. Hiyo sensa mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa, haina kosa! Kwenye kifaa hichohicho kuna asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani. Zikiwa zimepita +10 gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, kisha zikashuka ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500, tafuta mpira uliopasuka unaovuta hewa. Zikipanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu na chujio la mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka. P0420, yaani katalisti inayosafisha moshi kwenye egzosi haifanyi kazi ipasavyo, nayo kwake ni katalisti mpya moja kwa moja, hapimi kwanza kama bomba la moshi linavuja karibu na sensa, wala haulizi kama injini ilikuwa inamisi. Katalisti mpya kwenye injini inayomisi inaungua kama ya zamani.

Na kuna uchafu mwingine anaoufanya mwishoni, ukikataa kuendelea. Anafuta namba zote kabla hajakurudishia ufunguo. Taa inazimika, unadhani ni wema. Kumbe amefuta na ile rekodi ya wakati hitilafu ilipotokea, mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo wa gari, kwa hiyo fundi wa pili anaanza sifuri na wewe unalipa kupima mara ya pili. Taa itarudi, umeshafika mbali. Mtu wa namna hii anyang'anywe spana. Si kuonywa, si kuombwa msamaha. Arudishe hela zote, alipe na gasketi alizozichana bila sababu, na hata anayempangisha uwanja aulizwe, maana magari yaliyofunguliwa yanamwozea mbele ya macho na kodi anapokea.

Dalili? Zipo. Hataki usimame karibu anapopima. Risiti imeandikwa "kupima" basi, haina namba ya hitilafu wala vipimo. Anataja kufungua kabla hajataja kompresheni. Bei anaitoa jumla, spea na ufundi havijatenganishwa. Anakuambia nenda nyumbani nitakupigia. Spea za zamani haonyeshi, na koili zako nzima zinaweza kuhama gari, kwa hiyo piga picha namba zilizo juu yake kabla hujaacha ufunguo.

Swali linalomkera kuliko yote ni hili, muulize kabla boneti haijafunguliwa: "Ukishapima nikakataa, utanirudishia gari likiwa limefungwa na linatembea, kwa shilingi ngapi jumla?" Fundi wa haki anajibu, anaandika, anaongeza kama ada ya kupima itakatwa ukimpa kazi au la, na anaweka kikomo ambacho hakipitwi bila wewe kukubali. Huyu wetu atacheka, atasema "wewe huniamini?" Chukua ufunguo.

Kwa ambao magari yenu yako pale sasa hivi na hedi zimeshashuka: msiongeze hela kwa simu. Nenda mwenyewe, piga picha hedi pande zote mbili, silinda zote, gasketi iliyotoka, kopo la bolti. Mwambie akuonyeshe kwa kidole ni vali ipi au ringi ipi, na akuandikie kompresheni aliyosoma kabla ya kufungua. Hana. Hakupima. Karatasi isiyo na vipimo hivyo pamoja na picha zako ndiyo utakayoipeleka kwenye mamlaka ya kulinda walaji na polisi, na pelekeni wengi kwa pamoja, akifikishwa mmojammoja atamaliza kwa maneno matamu tu.