TAHADHARI: "FUNDI" WA ZINDIKO LA POPOBAWA NI TAPELI, MSIMPE HATA SHILINGI

Jamani, asalaam alaykum. Yule mzee mwenye kanzu ya darizi na mkoba wa ngozi, anayepita mitaani akidai mji umetupiwa popobawa, lile jini linalosemwa kuwavamia watu usiku, ni mwizi. Mwizi mkavu. Katula mtaa mzima, na pesa zimepitia mkononi mwangu mie kijumbe, basi msiniulize usiku nalalaje.

Kuna wanaonicheka, eti mtu mzima na skuli yake anatoa pesa za popobawa. Nyinyi 1995 mlikuwa wapi? Mie nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Alianzia Pemba akavuka huku Unguja, na Ramadhani ile wanaume na ndevu zao walitoa mikeka nje wakalala wamebanana, moto unawaka mpaka alfajiri, hakuna anayetaka kuwa peke yake chumbani. Akarudi 2001. Na 2007 Dar nako wakamhofu. Sasa mwanao kila usiku anakabwa, macho kafumbua na kidole hawezi kuinua, kifua kama kakaliwa, na baba yake yuko Maskati (yetu mnayajua), halafu anakuja mtu anasema dawa ninayo. Ungefanya nini?

Alikuja baada ya Alasiri, akakaa barazani kwa bibi wa maandazi. Akaomba maji tu. Akanusa hewa, akanyamaza, akanusa tena. "Hapa pana harufu yake." Sote kimya. Akasema nyumba yenye mlango wa buluu ina kijana asiyelala. Mlango wa buluu ni wangu! Akaongeza, "na baba yake kavuka bahari." Wallahi magoti yalinilegea. Kisha akatoa chungu mkobani, akafunua kitambaa kidogo tu, ikatoka harufu ambayo bibi wa maandazi alikimbilia uani kutapika. "Ubawa wake nimeunasa, mwenyewe bado." Akatupa na ile habari ya shekhe aliyemfungua jini wake awakomoe majirani, jini likamshinda likabaki kuzurura. Hadithi hiyo wazee wetu wameisimulia miaka na miaka, ndiyo maana iliingia vizuri. Akasema mji ukishalaaniwa hauponi kwa hirizi ya mtu mmoja mmoja, lazima uzindikwe pembe zote nne. Shilingi 350,000. Hirizi za nyumba mbali, 15,000 kila mlango. Wa kwanza kutoa ni huyohuyo anayenicheka kwa sauti leo, namwachia Mungu.

Na hakuwa na papara. Anasoma vizuri, sauti imetulia. Tukamletea soda akakataa, eti kafunga. Tapeli gani anakataa soda? Akachimba, akafukia chupa zenye karatasi alizosema kaziandika kwa zafarani, ubani ukafuka mtaa mzima, marashi tukarashiwa. Usiku ule hata mie nililala.

Masika ikaja, maji yakafukua chupa ya upande wa kisimani, watoto wakaivunja. Karatasi imeloa chapachapa na maandishi yako palepale. Zafarani gani haitoki kwa maji? Kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, si tunaliosha tukanywa! Fotokopi. Tena fotokopi mbovu, Ayatul Kursiyyu imekatwa mstari wa mwisho, na nyuma yake mkeka wa kubeti mpira! Tukafukua zilizobaki: ileile, na doa lilelile pembeni. Chungu alichotuachia tusikifungue, tumekifungua. Mayai viza na utumbo wa samaki.

Huyu afungwe. Asiambiwe arudishe pesa yakaisha, afungwe, na kanzu ile avuliwe mahakamani maana anaitia najisi. Na msidhani nalilia pesa tu. 1995 hiyohiyo, hapa Unguja, watu waliojaa hofu walimuua mgonjwa wa akili wakidhani ndiye popobawa. Na mshenzi huyu alikwishaanza kutuonyesha yule kijana wetu anayeokota makopo: "huyo mchungeni." Mnaona alikokuwa anatupeleka? Nikikumbuka kuwa vijana wetu walianza kumfuata, mwili unanisisimka. Afungwe!

Mnaniuliza dalili za kumtambua. Kabla hajafika kulikuwa na kijana muuza kahawa, mgeni, maswali mengi: nani yuko safari, nani mgonjwa. Baadaye jirani kamwona bandarini kaubeba mkoba uleule. Pesa anataka kwa simu tu, na jina linalotokea si lake. Mengine hasira imenisahaulisha.

Mwanangu nimempeleka kwa daktari. Ni jinamizi, ubongo unaamka mwili bado umelala, kaambiwa alale mapema, simu aiweke mbali na asilale chali. Bure kabisa.

Polisi nimeandikisha, sheha anajua, chupa zote ninazo. Akija kwenu msimpige, mkalisheni na soda yake mniite.