Vazi la mbio la magotini kwa binti wa mita 50: lipi linunuliwe Moshi na Arusha

Kwa binti anayeogelea mita 50 mtindo huru, vazi la kununua ni lile la daraja la kati: la magotini, mgongo wazi, kitambaa kinachonyumbuka kila upande, lenye alama ya kuidhinishwa na shirikisho la kuogelea la dunia. Nje ya nchi huuzwa kati ya dola 100 na 200. Lile la daraja la juu, ambalo mara nyingi huvuka dola 400, linafanya kazi yake vizuri sana, lakini hatumshauri mzazi alinunue mpaka binti awe anashuka chini ya sekunde 29 akiwa na vazi la kawaida. Na mtoto wa miaka 12 kushuka chini, jibu ni hapana kabisa. Marekani walishawazuia watoto wa umri huo kuvaa mavazi ya daraja hilo la juu mashindanoni tangu Septemba 2020. Mtoto anakua, vazi linamwacha kabla halijachakaa.

Mbio yenyewe ni fupi kiasi kwamba kila kidogo kinaonekana ubaoni. Olimpiki ya Paris 2024, ambako Sophia Latiff aliiwakilisha Tanzania kwenye mita hizo 50, fainali ilichukuliwa na Sarah Sjöström wa Sweden kwa sekunde 23.71. Meg Harris wa Australia akafuata kwa 23.97, na Zhang Yufei wa China kwa 24.20. Kutoka dhahabu mpaka shaba hapafiki nusu sekunde. Ndiyo maana vazi linatafutwa.

Ila lieleweke linafanya nini. Linabana mapaja, nyonga na tumbo, mwili ukae mnyoofu na kiuno kisizame misuli inapochoka, yaani zile mita 15 za mwisho. Na uso wake wa nje unakataa maji yasing'ang'anie. Basi. Halimtibu anayeinua kichwa kuvuta pumzi kila mkono wa pili, wala anayechelewa kuchupa kutoka kibao cha kuanzia. Waogeleaji wa kiwango cha dunia hufika alama ya mita 15 kwa takriban sekunde 6, robo ya muda wa mbio nzima. Binti anayetumia sekunde 8 hapo ana deni la sekunde 2 kwenye kuchupa na teke la pomboo (miguu yote miwili ikipiga pamoja chini ya maji), na hakuna kitambaa cha kulilipa. Kocha ampime hapo kwanza, mara tano, kabla mzazi hajafungua pochi. Tahadhari moja inahusu mabwawa ya hoteli: kanuni za mashindano zinataka kina kisichopungua mita 1.35 kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani palipo na kibao cha kuanzia. Mabwawa mengi ya burudani hayafiki hapo. Kwenye maji ya kiunoni, mazoezi ya kuanza yafanywe kwa kusukuma ukuta, siyo kuchupa.

Tofauti ya madaraja mawili iko kwenye kitambaa. La kati limefumwa kama soksi, nailoni au poliesta iliyochanganywa na nyuzi za mpira. Linavutika kila upande na linasamehe makosa ya vipimo. La juu limefumwa kama kitambaa cha mwavuli: jembamba, kavu, linavutika upande mmoja zaidi, mishono imeungwa kwa gundi badala ya uzi. Linabana zaidi na kuteleza zaidi, lakini baada ya mara kumi hivi za kushindana uso wake huanza kunywa maji. Ukidondoshea tone la maji kwenye paja la vazi, likibiringika liko hai. Likitandaa na kuingia, umebaki na kibano tu. La kati, likitunzwa, humaliza msimu wote wa mashindano ya shule na klabu, na hilo kwa mzazi wa huku ni hoja nzito kuliko sehemu ya kumi ya sekunde. Kuna na jambo la stara. Mabinti wengi hupendelea la magotini kwa sababu linawafunika, na wakijisikia huru wanaogelea vizuri zaidi. Wachague rangi nyeusi au bluu nzito. Rangi nyepesi ikivutika na kulowa huonyesha.

Kwenye vipimo ndiko pesa nyingi zinakopotea. Kwa sababu vazi huagizwa mbali, au huletwa na ndugu anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA, kulirudisha ni taabu. Usitumie saizi ya gauni wala ya vazi la mazoezi. Chukua utepe wa fundi nguo, pima kifua, kiuno na nyonga, kisha kipimo ambacho wengi hukisahau: mzunguko wa kiwiliwili, kutoka juu ya bega, kupita mbele katikati ya miguu, na kurudi begani kwa nyuma. Linganisha na jedwali la kampuni husika, siyo la nyingine, kwani saizi 26 ya kampuni hii si 26 ya ile. Nyonga na kiwiliwili vikigombana, kifuate kiwiliwili. Vazi fupi kwa kiwiliwili huvuta mabega chini, na mkono unafupika mbele kila anapoanza kuvuta maji. Likiwa refu, hujikunja juu ya makalio, na binti akichupa linajaa maji kama mfuko. Likikaa sawasawa, vidole viwili vinapita chini ya mkanda wa bega kwa shida, mgongo wa chini hauna mkunjo, na anaweza kuinama mpaka akashika ukingo wa kibao.

Kulivaa kunataka dakika 20 mpaka 30 mara ya kwanza, na mtu wa kusaidia. Mwili uwe mkavu na usiwe na mafuta ya kupaka. Kucha zikatwe, pete zivuliwe. Wenzetu wa nje huvaa mfuko wa plastiki mguuni vazi liteleze. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na soksi nyembamba ya kike inafanya kazi ileile. Kunja vazi mpaka kiunoni, ingiza miguu, weka pindo juu kidogo ya goti. Kisha sukuma kitambaa juu kidogokidogo kwa nyama za vidole, kuzunguka paja lote, mpaka mkunjo ulio katikati ya miguu ukae mahali pake. Usipofika hapo, usipandishe kiwiliwili. Hili ndilo kosa la kila siku: binti ana haraka, anavuta kwa kushika ukingo wa juu au mshono, na mshono unaachia kwenye nyonga. Mikanda ya mabega iwe ya mwisho kabisa, avalishwe na mwenzake. Ndani asivae kitu: kanuni inaruhusu vazi moja tu, na chupi ya kuogelea chini yake inaweza kumfanya aondolewe.

Apashe mwili kwa vazi la mazoezi, ajikaushe vizuri, ndipo abadilishe, dakika 40 hivi kabla ya mbio yake. Arusha mwezi wa Juni na Julai, kwenye bwawa lisilopashwa joto, juu ya vazi avae fulana na suruali nzito hadi atakapoitwa, maana misuli ya paja iliyobanwa na baridi haitoi teke. Nywele zisukwe mistari iliyolala. Rasta nene huinua kofia, na kofia ikivuka mita 10 za kwanza ni bahati. Kofia kubwa za Soul Cap, zilizokataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ziliidhinishwa 2022, kwa hiyo mwenye nywele nyingi asilazimishwe kunyoa.

Kuhusu mitumba, pale soko la Memorial mjini Moshi au kwingineko, tuseme wazi. Mavazi ya mbio hutokea kwenye mabelo, na bei yake inatamanisha. Ukikuta lenye zipu, au linalofika vifundoni, au linalong'aa kama mpira wa tairi, hilo ni la zama za 2008 na 2009, pale mavazi ya poliurethani yalipovunja rekodi 43 za dunia kwenye mashindano ya Roma pekee. Tangu Januari 2010 hayaruhusiwi: vazi la mwanamke linaishia gotini, halivuki mabega, halina zipu, na ni la kitambaa tupu. Rekodi ya dunia ya mita 50 ya Britta Steffen wa Ujerumani ya siku zile, 23.73, ilidumu hadi 2017, Sjöström alipoogelea 23.67 kwa kitambaa. Mwaka 2023 akaishusha hadi 23.61. Ukikuta la magotini lenye alama ya World Aquatics, yaani shirikisho la dunia, au ya FINA, jina lake la zamani, nyuma, livute paja kuelekea mwanga. Ukiona vinyuzi vyeupe vilivyokatika kama nywele, mpira umeshakufa kwa klorini. Liache hata kama ni elfu tano.

Likitoka majini lisuuzwe papo hapo kwa maji baridi ya bomba, bila sabuni, bila kukamuliwa. Lilazwe juu ya taulo kivulini. Jua la Moshi la saa nane mchana, vazi likiwa limening'inia kwenye kamba, huila gundi ya mishono haraka kuliko mashindano yenyewe.